Kukata Kebo Canada Bila Kulipa Mara Mbili: Mwongozo Kamili wa TV, Filamu na Muziki wa Nyumbani

Wasomaji wanaoniandikia kutoka Toronto, Ottawa, Edmonton na Winnipeg wamekwama mahali pale pale. Walijiunga na huduma mbili tatu za mtandaoni ili waachane na kebo, miezi ikapita, na bili ya kebo bado inaingia kila mwezi. Sasa wanalipia vyote.

Wamekwama kwa sababu walianzia mwisho. Walijiunga kwanza, hesabu wakaiacha ya baadaye, na siku ya kupiga simu ya kukata kebo haikufika kwa kuwa mtu mmoja nyumbani hakutafutiwa mbadala wake. Mara nyingi ni baba na mpira wake, au bibi na taarifa yake ya habari.

Hapa tunaanza na vya bure, kisha vya kulipia, na simu ya kukata tunaiweka mwisho kabisa. Ukiruka hatua, utarudi kwenye kebo kabla theluji haijayeyuka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bili tatu za mwisho za TV na intaneti, za karatasi au za mtandaoni.
- TV iliyonunuliwa Canada au Marekani. Soma onyo hapa chini.
- Antena ya kidijitali na waya wa koaksia wa aina ya RG6 wenye urefu wa kutosha kufika dirishani.
- Kadi ya maktaba ya mji wako.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au kadi za zawadi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa na ya vyakula.
- Simu yenye kamera, daftari na kalamu.

Onyo kuhusu TV uliyokuja nayo. TV iliyonunuliwa Dar es Salaam, Nairobi au London hunasa matangazo ya angani kwa mfumo wa DVB-T2. Canada inatumia mfumo mwingine, ATSC. Utaunganisha antena nzuri kuliko zote na hutapata hata chaneli moja, hata kama picha ya waya wa HDMI, ule wa kuunganisha kiboksi au kompyuta na TV, inatoka safi. Umeme nao ni tofauti, volti 120 badala ya 230 au 240. TV kama hiyo mpe mtu anayerudi nyumbani, au itumie kwa HDMI tu ikiwa kibandiko cha nyuma kinaonyesha inakubali volti 100 hadi 240.

## Hatua ya 1: Soma bili, kisha andika kinachotazamwa

Chukua bili na utenganishe mistari yake. Mara nyingi utakuta kifurushi cha msingi, vifurushi vya ziada, ada ya kukodi king'amuzi kwa kila TV, punguzo lenye tarehe ya kwisha, na kodi. Zungushia kalamu ile tarehe ya punguzo. Bili nyingi zinazosemwa zimepanda zenyewe zimepanda siku hiyo.

Halafu bandika karatasi karibu na runinga kwa wiki mbili. Kila mtu aandike alichotazama, si anachopenda. Tofauti ni kubwa: mzee anaweza kuapa kwamba hawezi kuishi bila chaneli ya historia, na karatasi ikaonyesha ametazama habari za CBC, shirika la utangazaji la taifa, na hoki ya Jumamosi tu, ambavyo vyote vimekuwa vikirushwa hewani bure.

Umefaulu ukiwa na: orodha fupi ya vipindi, jina la mtazamaji mbele ya kila kipindi, na jumla ya unacholipa sasa baada ya kodi.

## Hatua ya 2: Funga antena

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Miji mikubwa ya Canada ilihamia matangazo ya kidijitali tarehe 31 Agosti 2011. Tangu hapo CBC, CTV, Global, Citytv na baadhi ya vituo vya elimu vya mikoa hurushwa hewani kwa picha safi, bila ada ya mwezi na bila leseni. Picha hiyo mara nyingi huishinda ya kebo, kwa sababu kampuni za kebo huibana ili chaneli nyingi zipite kwenye waya mmoja.

Jua mnara uko wapi. Toronto vituo vingi viko juu ya CN Tower. Ottawa mawimbi hutoka Camp Fortune, ng'ambo ya mto, upande wa Quebec. Montreal ni Mont Royal, na Vancouver ni Mount Seymour. Kwa anwani yako kamili, ingia tovuti ya RabbitEars, andika ulipo, nayo itakupa orodha ya vituo, umbali na mwelekeo. Fungua dira ya simu, simama katikati ya sebule, uone dirisha lipi linaelekea huko.

Mkazi wa Toronto mwenye dirisha la kusini, upande wa ziwa, ana bahati ya ziada. Vituo vya Buffalo, Marekani, vinavuka Ziwa Ontario, hivyo NBC, CBS, ABC na PBS unaweza kuzipata bila kumlipa mtu. Montreal pia, antena ikielekezwa kusini, inaweza kunasa vituo vya Vermont.

Chagua antena. Zile bapa kama karatasi zinafaa kwa aliye karibu na mnara. Matangazo ya TV hutumia makundi mawili ya masafa, UHF na VHF; nyingi kati ya antena hizo zimetengenezwa kwa ajili ya UHF na ni dhaifu upande wa VHF. CTV ya Toronto hurushwa kwa VHF, na ndiyo maana watu wananunua antena bapa, wanapata chaneli kumi na kitu, CTV haimo, wanadhani TV ni mbovu. Ukiwa Toronto chukua antena yenye masikio marefu, au iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inanasa VHF ya juu na UHF. Maandishi ya "maili 200" kwenye boksi usiyaamini; dunia ni duara, na mnara ulio nyuma ya upeo hautakufikia kwa sababu ya kibandiko.

Weka mahali pazuri. Juu ni bora kuliko chini, dirishani ni bora kuliko nyuma ya TV, nje ni bora kuliko ndani. Kuta za saruji ya kupakwa zenye wavu wa chuma ndani, ambazo ni nyingi Calgary, Edmonton na Vancouver, huzuia mawimbi. Vioo vya kisasa vilivyopakwa utando wa kuhifadhi joto vinafanya vivyo hivyo. Ukikwama, jaribu dirisha lingine kabla hujarudisha antena dukani.

Saka chaneli. Funga waya kwenye tundu la duara lenye hesi nyuma ya TV, ukaze kwa vidole. Ingia kwenye menyu ya mipangilio, sehemu ya chaneli. Hapo TV itakuuliza chanzo: chagua "Antenna" au "Air". Usichague "Cable". Kosa hili moja ndilo linalojaza sanduku langu la barua, kwa sababu TV nyingi zilishawahi kuwa kwenye kebo na zimebaki zikikumbuka hivyo. Acha isake mpaka mwisho, na kila ukihamisha antena, saka upya.

Picha ya kidijitali haina chenga kama zamani. Ama ni safi au inakatika vipandevipande. Ikikatika, sogeza antena kwa kiasi cha kiganja, subiri sekunde chache, tazama. Kipaza mawimbi usikinunue mwanzoni. Ukiwa karibu na mnara kinaharibu zaidi, maana kinaizidishia TV mawimbi.

Onyo kwa walio mbali na miji mikubwa. Tarehe 31 Julai 2012 CBC ilizima mitambo yake yote ya analogi iliyokuwa imebaki, zaidi ya 600. Saskatoon na London ya Ontario zilipoteza CBC ya hewani, na miji midogo mingi haikuachiwa kituo chochote. Kagua RabbitEars kwanza. Ikionyesha patupu, ruka hatua hii. CBC utaipata kwa intaneti hatua ya 3.

Mpangaji wa ghorofani amwulize mwenye nyumba kabla ya kufunga kitu nje ya roshani. Antena ya ndani haihitaji ruhusa ya mtu.

Umefaulu ikiwa: CBC na angalau kituo kimoja kingine vinatulia jioni nzima bila kukatika.

## Hatua ya 3: Chukua vya bure vilivyo halali

Nenda maktaba ukiwa na kitambulisho na kitu chenye anwani yako. Katika miji mikubwa kadi ni bure kwa mkazi, na mgeni aliyefika mwezi uliopita anapewa kama mwenyeji. Kadi hiyo inafungua milango mitatu.

Wa kwanza ni rafu za DVD. Vibanda vya kukodi filamu vilifungwa zamani. Rafu za maktaba zipo bado, na hazina ada. Diski za hapa ni za kanda ya 1, wakati za Afrika Mashariki ni za kanda ya 5, kwa hiyo deki uliyokuja nayo inaweza kuzikataa. Deki iliyotumika ya hapa inapatikana kwa bei ya sahani mbili za chakula kwenye maduka ya mitumba.

Wa pili ni filamu za mtandaoni. Maktaba nyingi zina Kanopy au hoopla, ambako unaingia kwa namba ya kadi na kupewa idadi fulani ya filamu kwa mwezi. Wa tatu ni Libby, ya vitabu vya kusoma na kusikiliza. Si filamu, lakini mtoto anayesikiliza hadithi hagombei rimoti.

Nje ya maktaba kuna CBC Gem, bure ikiwa na matangazo, na inaonyesha CBC mubashara hata pale ambapo antena haipati kitu. Kwa Kifaransa kuna ICI TOU.TV. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Canada imeweka maelfu ya filamu zake kwenye nfb.ca, nyingi bila malipo, na nadhani ndiyo hazina inayosahaulika kuliko zote nchini: makala za wahamiaji, za watu wa asili, na katuni za watoto zisizo na kelele. Tubi na Pluto TV ni bure pia, kwa sharti la kuvumilia matangazo.

Umefaulu ikiwa: familia imekaa wikendi nzima bila kugusa rimoti ya kebo. Kama imeshindikana, andika ni nani alishindwa na alikuwa anatafuta nini. Huyo ndiye tutakayemlipia.

## Hatua ya 4: Pima intaneti yako

Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na 15 kwa 4K. Familia yenye TV mbili na simu nne inatoshwa na laini ya megabiti 50. Anayekuuzia gigabiti nzima ili utazame tamthilia anauza anachotaka kuuza.

Kinachowabana watu ni bando, kuliko kasi. Saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3, ya 4K hadi 7, na ya kawaida karibu 1.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi zetu hazijaambiwa. Serikali ya shirikisho ina mpango uitwao Connecting Families, ambapo kampuni zinazoshiriki hutoa intaneti ya dola 20 kwa mwezi, kasi ya megabiti 50 pale inapowezekana, na bando la gigabaiti 200. Ni kwa familia zinazopata kiwango cha juu kabisa cha posho ya watoto, na wazee wanaopata kiwango cha juu cha nyongeza ya pensheni ya uhakika. Barua ya mwaliko huja kwa posta ikiwa na namba ya siri. Wengi huitupa wakidhani ni tangazo. Itafute.

Piga hesabu: gigabaiti 200 kwa siku 30 ni kama 6.6 kwa siku, yaani saa mbili na kidogo za HD. Ukishusha ubora wa picha hadi wa kawaida, ni zaidi ya saa sita. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti ya kila huduma, sehemu ya matumizi ya data, uweke ubora wa kati. Kwenye TV ya inchi 40 iliyo mbali na kochi, wachache watagundua. Na antena uliyofunga hatua ya 2 hailigusi bando hata kidogo.

Umefaulu ikiwa: unajua kasi yako, ukomo wa bando lako, na umeweka ubora wa picha kulingana navyo.

## Hatua ya 5: Lipia huduma moja, kwa zamu

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1. Vya bure vimeshafuta mistari mingi. Kilichobaki ndicho cha kununua.

Jua kwanza nini kiko wapi, maana majina unayoyasikia kwa ndugu walioko Marekani hayafanani na ya hapa. Vipindi vya HBO hapa viko Crave, ambayo ni ya kampuni ya Bell. Peacock haipo Canada, na Hulu haipo kama huduma ya kujitegemea. Netflix, Disney+, Prime Video na Paramount+ zipo, ila maktaba zao si sawa na za ng'ambo ya mpaka.

Kanuni yangu ni moja kwa wakati. Jiunge mwezi huu, tazameni mlichokuwa mnakitaka, na siku ile ile ya kujiunga ingia kwenye akaunti usimamishe malipo ya mwezi ujao. Huduma itaendelea mpaka siku zako ziishe. Mwezi unaofuata nenda kwa nyingine. Hakuna mkataba unaokufunga ukiwa unalipa mwezi kwa mwezi. Kifurushi cha mwaka ni nafuu kwa tarakimu tu. Kinakupotezea nafasi ya kuhama.

Bei unayoona siyo unayolipa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 kampuni za nje zinatoza kodi ya mauzo kwa huduma za mtandaoni. Huduma ya dola 20 inakuwa 22.60 Ontario, ambako kodi ni asilimia 13, na 21 Alberta, ambako ni asilimia 5.

Akaunti ya nchi nyingine. Ukiwa na akaunti ya Apple au Google uliyoifungua Tanzania, Kenya au Uganda, kadi ya benki ya Canada itakataliwa na filamu nyingi hazitaonekana. Apple inataka kwanza salio liishe na usajili wote ufungwe ndipo ubadili nchi. Google inaruhusu mabadiliko hayo mara moja kwa mwaka. Yafanye kabla hujaanza kulaumu benki.

Kushiriki nywila na shemeji aliyeko mji mwingine si rahisi tena. Netflix ilianza kubana jambo hilo Canada mwezi Februari 2023, na sasa mtu aliye nje ya nyumba anaongezwa kwa ada.

## Hatua ya 6: Mpira

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Haki za kuonyesha ligi zimegawanywa, na hubadilika mikataba inapoisha: Ligi Kuu ya Uingereza inaweza kuwa kwa mmoja, Ligi ya Mabingwa kwa mwingine. Ushauri wa mwaka jana usiufuate. Mwezi Agosti, kabla msimu haujaanza, ingia tovuti rasmi ya ligi husika, sehemu ya watangazaji, uchague Canada. Kisha lipia huyo mmoja kwa miezi ya msimu tu, na Mei ikifika simamisha.

Kama unayemtafutia anapenda hoki, CBC ya antena imekuwa ikionyesha mechi za Jumamosi usiku bure.

Ligi zikiwa mbili na watangazaji wawili, kaeni kitako mchague. Ukilipia wote, bili inarudi pale ilipokuwa wakati wa kebo.

## Hatua ya 7: Kodi filamu moja moja

Si lazima kujiunga ili kuona filamu mpya. Duka la Apple, YouTube, Prime Video na Cineplex Store hukodisha filamu bila usajili. Kwa kawaida una siku 30 za kuanza kuitazama, na ukishabonyeza kucheza una saa 48 za kuimaliza. Usiibonyeze Ijumaa usiku "kujaribu" kama familia itakusanyika Jumapili jioni. Muda utakuwa umeisha au uko ukingoni.

Angalia mambo matatu kabla ya kulipa: je, ni kukodi au kununua, maana vitufe viko jirani, je, ubora wa bei ya juu una maana kwenye TV yako, na je, filamu hiyo haimo Kanopy au kwenye rafu ya maktaba? Kodi ya filamu mbili kwa mwezi mara nyingi ni nafuu kuliko huduma nzima unayoifungua mara mbili kwa mwezi.

## Hatua ya 8: Muziki

Muziki hauhitaji maneno mengi. Spotify, Apple Music na YouTube Music zote zipo Canada, na mpango wa familia wa Spotify au Apple hubeba watu hadi sita. Spotify inataka sita hao waishi anwani moja. Mwanafunzi wa chuo ana bei yake. Asiyetaka kulipa anatumia Spotify ya matangazo, au CBC Listen ambayo ni bure kabisa.

Data si tatizo kubwa: kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja ni kama megabaiti 72. Pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi kabla hujaingia barabarani, kwa sababu kati ya mji na mji kwenye nyika za Saskatchewan mtandao unakatika.

Kwa taarab, dansi la zamani na benga, usitegemee huduma moja. Rekodi nyingi ziko YouTube tu, na lebo nyingine huuza kupitia Bandcamp, ambako ukinunua faili linabaki lako hata usajili wako ukifa. Kanda na CD zako za zamani usizitupe. Kuna rekodi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) na VOK (Sauti ya Kenya) ambazo hakuna kampuni iliyokumbuka kuzipandisha mtandaoni.

## Hatua ya 9: Habari na vipindi vya nyumbani

Bibi hataki Netflix, anataka habari za saa moja. Citizen TV na NTV za Kenya hurusha matangazo mubashara YouTube, na BBC Swahili na DW Kiswahili wana chaneli zao huko. Redio za nyumbani ziko kwenye programu za TuneIn na Radio Garden.

Mwandikie ratiba kwa saa za hapa na uibandike ukutani. Saa moja usiku ya Nairobi na Dar ni saa sita mchana Toronto wakati wa kiangazi, na saa tano asubuhi majira ya baridi saa zikirudishwa nyuma. Edmonton toa saa mbili zaidi. Kisha mtengenezee orodha ya chaneli kwenye YouTube ya TV, ili abonyeze mara moja tu badala ya kuandika kwa rimoti.

Onyo: boksi la "chaneli zote". Kila jamii ina kijana anayeuza kiboksi chenye chaneli elfu kadhaa kwa dola chache kwa mwezi. Najua bei inavutia. Lakini mahakama ya shirikisho iliamuru kampuni za intaneti kuzuia huduma ya namna hiyo, GoldTV, mwezi Novemba 2019, na amri za aina hiyo zimefuata kwa mechi za moja kwa moja. Boksi hufa katikati ya fainali, muuzaji hapokei simu, na pesa uliyotuma kwa e-Transfer hairudi. Kisheria, fidia kwa ukiukaji usio wa kibiashara inaanzia dola 100 hadi 5,000.

Ukipokea notisi ya hakimiliki kupitia kampuni yako ya intaneti, isome, acha kilichosababisha, na usikimbilie kulipa. Tangu Desemba 2018 sheria hairuhusu notisi hizo kuwa na dai la pesa. Yenye dai hilo ni ya kutiliwa shaka.

## Hatua ya 10: Piga simu ya kukata

Piga tu kama wikendi ya majaribio ilipita salama na kila jina kwenye karatasi lina mbadala.

Andaa namba ya akaunti, kalamu na muda wa kutosha. Utapelekwa kitengo cha kubakiza wateja, na kazi yao ni kukupa ofa. Amua kabla ya kupiga kama kuna ofa utakayokubali. Kwa baadhi ya nyumba jibu ni ndiyo: tangu Machi 2016, CRTC, mamlaka ya utangazaji na mawasiliano, inazitaka kampuni za TV zenye leseni kuwa na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 kwa mwezi, bila kuhesabu kifaa. Tangu Desemba mwaka huo chaneli nyingine zinapatikana moja moja au kwa vifurushi vidogo. Kifurushi hicho hakitangazwi sana, lazima ukiombe kwa jina lake. Kwa aliye mji mdogo usio na mawimbi, huenda ndicho kinachomfaa.

Kama umeamua kukata, sema sentensi moja na uirudie: nataka kusitisha huduma ya TV kuanzia leo. Ukiambiwa lazima utoe notisi ya siku 30, kataa kwa heshima. CRTC ilipiga marufuku sharti hilo tangu tarehe 23 Januari 2015, kwa TV, intaneti na simu ya nyumbani. Ada ya kuvunja mkataba ni jambo lingine. Kama ulisaini muda maalumu, uliza imebaki kiasi gani na ulinganishe na kusubiri.

Uliza pia bei ya intaneti itakuwa ngapi TV ikiondoka. Punguzo la kuunganisha huduma linaweza kufutwa, na akiba yako ikamezwa hapo. Bei mpya ikiwa mbaya, linganisha na kampuni ndogo za mtaani kwako kabla hujakata simu.

Andika jina la aliyekuhudumia, tarehe, saa na namba ya kumbukumbu, na uombe uthibitisho kwa barua pepe.

Rudisha vifaa. Piga picha king'amuzi, rimoti na namba ya utambulisho wa kifaa (serial number) iliyo kwenye kibandiko chini yake. Ukikipeleka dukani, usitoke bila risiti. Ukikituma kwa posta, hifadhi namba ya kufuatilia. Tunza picha na risiti kwa angalau mwaka. Madai ya "hukurudisha kifaa" huja miezi kadhaa baadaye, kwa bei ya kifaa kipya.

Wakikukatalia, peleka malalamiko CCTS, tume huru inayopokea malalamiko ya simu, intaneti na TV. Ni bure, fomu iko mtandaoni, na watataka kuona kwamba ulianza na kampuni yenyewe. Ndiyo maana ya yale majina na namba za kumbukumbu.

Umefaulu ikiwa: bili ya mwezi unaofuata haina mstari wa TV, king'amuzi kimeandikwa kimepokelewa, na bei ya intaneti ni ile uliyoahidiwa kwenye simu. Kagua na bili ya mwezi wa pili pia. Mistari iliyofutwa ina tabia ya kurudi.